Hicho kipande kidogo ni cha ngapi sasa? Barua ya wazi kwa mnaosaini vibali

Kwenu waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa pamoja, wa wizara, wa kaunti ya Nairobi na wenzenu wa Kajiado na Machakos, wa wanyamapori, wa mazingira, wa barabara, wa reli, wa ardhi, yeyote mwenye kalamu na muhuri. Najua barua ya maana hupelekwa kwa ofisi moja yenye anwani na nambari ya faili. Tumefanya hivyo. Tumezunguka mpaka walinzi wa geti wanatujua sura, na kila tukifika jibu ni lile lile, hiyo si yetu, sisi tulipitisha tu kipande chetu, hebu jaribuni jengo lile lingine ghorofa ya nne. Nimechoka na lifti. Wacha niwaite wote mahali pamoja hata kama ni kwa maandishi.

Maneno yenyewe ni ya Mbuga ya Nairobi na zile nyanda zilizo kusini yake, kuanzia Kitengela kuendelea Isinya mpaka huko Athi-Kapiti. Na swali langu ni moja tu, mtaniona narudi kwalo: hicho kipande kidogo mnachokubali leo, ni cha ngapi sasa?

Kabla sijaendelea nikiri jambo, maana kuna mtu atanijia juu na atakuwa na haki. Mimi mwenyewe naishi huku kusini, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 niliyonunua kwa mkopo wa sacco ambao bado nalipa. Siku tulipokuwa tunachimba msingi alipita mzee mmoja wa Kimaasai na ng'ombe wake, akasimama, akatuangalia, akauliza choo kinakaa wapi, tukamwonyesha, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akasema hapo ndipo nyumbu walikuwa wanapita wakitoka kunywa maji. Kila mvua. Yeye akiwa kijana alikuwa akiwasubiri wapite ndio avushe ng'ombe, na ilikuwa kazi ya asubuhi nzima kusubiri. Nikamuuliza mzee sasa wanapita wapi. Akanionyesha fensi ya jirani, halafu fensi ya jirani wa jirani, akaenda zake. Kwa hivyo siandiki kama mtu msafi, mimi ni mmoja wa hivyo vipande. Lakini broka hakuniambia, kampuni iliyogawa shamba haikuniambia, na zile karatasi zangu zote zina mihuri halali kabisa ya serikali. Kuna mtu alikaa kwa dawati akaamua kwamba njia ya nyumbu ni makazi ya watu, na sidhani hata alijua ni njia ya nyumbu, kwa ile ramani yake palikuwa pamechorwa miraba tu.

Sasa kwa wale ambao labda hii mbuga mnaiona tu mkitua na ndege. Ni ya mwaka wa 1946, ndiyo ya kwanza kabisa Kenya, na ni ndogo, kilomita mraba kama 117 hivi. Iko kilomita kama 7 tu kutoka katikati ya jiji. Ndani kuna simba, chui, nyati, twiga, pofu, na vifaru weusi ambao dunia nzima wamebaki wachache mno, na ndege aina zaidi ya 400. Ndiyo hiyo mbuga Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka wa 1989 dunia ikatazama, na ndiyo hiyo tena Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 mwaka wa 2016, wageni wakaja, hotuba zikasomwa. Tunajua kuitumia ikifika saa ya picha.

Lakini kilomita 117 hazitoshi. Hii ndiyo kitu naona watu wengi hawaijui, hata wengine wenu, samahani. Mbuga imewekwa fensi pande tatu, upande wa jiji, na kusini ikaachwa wazi pale Mto Mbagathi unapopita. Haikuachwa wazi kwa sababu pesa za waya ziliisha. Iliachwa kwa sababu wanyama wenyewe hawaishi humo mwaka mzima. Mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia wanatoka, wanavuka mto, wanasambaa kwenye nyanda za kusini ambako nyasi ni fupi na tamu na wanaona mbali adui akija, huko ndiko wanazalia. Kiangazi kikishika, visima na vijito vya huko vikikauka, wanarudi ndani kwa sababu mto na mabwawa ya mbuga yana maji. Simba anawafuata. Fisi anamfuata simba. Yaani mbuga ni ile sehemu ya kiangazi tu ya makazi yao, ni kama nyumba ambayo serikali imelinda jikoni ikauza vyumba vya kulala, halafu inashangaa mbona watoto wanalala kwa jirani.

Na nyumbu waliokuwa wanapita kwa maelfu kwa maelfu enzi za yule mzee, wataalamu waliowahesabu kwa ndege kuanzia miaka ya 70 wanaonyesha mstari unaoshuka tu. Sijui kama kuna kijana wa Kitengela wa miaka 15 ambaye amewahi kuona ule msafara. Mwanangu hajauona na tunaishi juu yake.

Haya, twende kwa vipande.

Kwanza ilikuwa ardhi yenyewe. Ranchi ya kundi ya Kitengela iligawanywa miaka ya 80, kila familia ikapata hati yake, na siwezi kuwalaumu hata kidogo, ni ardhi yao na waliona jinsi mashamba ya pamoja yalivyokuwa yanaliwa na wenye sauti. Baadaye zikaja ekari tano tano, halafu ekari moja, halafu robo, halafu sisi wa 50 kwa 100. Kando yake viwanda vya Athi River, simiti, machimbo ya mawe, bustani za maua, godauni. Barabara ya Southern Bypass ikachukua ukanda wa pembeni ya mbuga. Reli mpya kutoka Mombasa ikafika nayo ikagusa ukingo. Halafu reli ya awamu ya pili, ile ya kwenda Naivasha, hiyo haikugusa ukingo, ilipita katikati, juu ya daraja la kama kilomita 6.

Hiyo ya reli lazima nikae kwayo kidogo. Watu walipiga kelele, vikundi vya kiraia vikaenda kwa jopo la rufaa za mazingira, na mwaka wa 2016 jopo likatoa amri kazi isimamishwe kwanza. Amri ya kisheria. Mwaka wa 2018 mashine ziliingia mbugani na kazi ikaanza. Daraja liko pale leo, mkipenda mnaweza kulipiga picha na twiga chini yake, ni picha nzuri kweli, nimeiona kwa kadi za Krismasi. Na kweli twiga wanapita chini, sitadanganya, wanapita. Lakini kile kilichonikaa moyoni si nguzo, ni kwamba siku ile kila mwenye mradi nchi hii alijifunza kwamba amri ya mazingira ni kama mvua ya rasharasha, unavaa kofia unaendelea na kazi.

Na kila moja ya hizi, mnakumbuka ilivyoelezwa? "Ni asilimia ndogo tu ya mbuga." Kila moja! Ukisoma ripoti ya barabara utaambiwa barabara inachukua kiasi kidogo sana ukilinganisha na eneo lote. Ukisoma ya reli, kidogo sana ukilinganisha na eneo lote. Ya nyaya za stima, kidogo. Ya ghala la mtu binafsi kule kusini ndio hata haitaji wanyama, inasema eneo "halina shughuli", kama vile nyasi kumea na swara kulisha si shughuli. Na kila ripoti inaanza kuhesabu kutoka sifuri, kana kwamba huyo aliyekuja jana hakuja. Bandu bandu huisha gogo, haya si ndio tulifunzwa darasa la nne? Na hakuna hata mmoja kati ya wenye shoka ambaye ripoti yake inasema gogo limeisha, kwa sababu kila mmoja alibandua kidogo tu.

Kikundi chetu, na tusiite kikundi sana, ni watu kama kumi na wanne kwenye WhatsApp, mwalimu mstaafu, fundi wa mabati, mama mmoja wa kuuza maziwa ambaye anajua kila boma kutoka hapa mpaka Isinya, vijana wawili wanaoongoza watalii, mimi, na wafugaji kadhaa, tuliamua kuchora ramani yetu. Tulichukua kalenda kubwa ya mwaka jana tukaigeuza nyuma. Tukachora mto, tukachora mbuga, tukaanza kutia kila fensi tunayoijua kwa peni ya bluu, kila ukuta, kila machimbo, kila kibali tulichoona kimebandikwa kwa geti. Mama wa maziwa ndiye aliyekuwa anasoma, sisi tunachora. Peni iliisha wino kabla hajafika nusu ya njia yake. Na palipobaki bila bluu tukaweka nukta nyekundu, hizo ndizo sehemu mnyama bado anaweza kupita akitoka mtoni kwenda kusini bila kuruka waya. Sitaweka hapa ziko wapi, kwa sababu brokas nao wanasoma, lakini ni chache, mtu anaweza kuzitaja kwa pumzi moja.

Hiyo kalenda ndiyo tuliyobeba siku ya kikao cha maoni ya wananchi. Wacha niwaeleze hicho kikao, sitataja ni cha mradi gani wala ofisi gani. Tangazo lilitoka gazetini. Nani hapa kwetu ananunua gazeti? Kikao kilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa hoteli, nauli kwenda na kurudi kwa mfugaji ni hasara ya siku nzima na nani amwachie mbuzi. Ripoti yenyewe ilikuwa mamia ya kurasa, Kiingereza tupu, na cha kile kigumu, nakala moja imewekwa kwa meza ya kuingilia karibu na chai. Mwalimu wetu mstaafu alisoma kurasa kama ishirini akiwa amesimama. Mzee mmoja akainua mkono akazungumza kwa Kimaa, vizuri sana, kwa heshima zote, dakika kama kumi, akaeleza wapi ng'ombe na nyumbu walikuwa wanagawana maji na mwaka gani visima vilikauka. Hakukuwa na mtafsiri. Waliokaa mbele walitikisa kichwa mpaka akamaliza, wakasema asante mzee, wakaendelea. Nilichungulia karatasi ya yule aliyekuwa anaandika. Kwa zile dakika kumi alikuwa ameandika kitu kama mzee ameunga mkono.

Katiba kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Kifungu cha 69 inasema serikali ihimize wananchi washiriki kusimamia na kulinda mazingira. Mkiweka hizo mbili pamoja, ile ripoti ya Kiingereza kando ya birika la chai inaitwaje? Mimi si wakili, nauliza tu.

Sasa kuna wale wanaosema nyinyi wa mazingira mnapenda wanyama kuliko watu, mnataka Wamaasai wabaki maskini ndio mpate selfi na pundamilia. Hii naichukulia kwa uzito, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mwenye shamba kule kusini ndiye analisha wanyama wa taifa bure. Nyasi yake, maji yake, na usiku simba akiruka boma anapoteza mbuzi kumi, kisha anaambiwa ajaze fomu ya fidia, asubiri. Anasubiri, na muda anaosubiri watoto wanarudishwa nyumbani kwa karo. Mnakumbuka Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela kwa siku moja baada ya kuingia kwa mifugo ya watu. Nchi ilikasirika. Mimi pia nilikasirika, nilikuwa nimehamia juzi tu na nilijiona mjuaji. Saa hii nikifikiria najiuliza kama mimi ningelala njaa nikishangilia simba. Na Machi 2016 yule simba mzee aliyeitwa Mohawk alifika mpaka Isinya, watu wakamzunguka wakipiga picha na kelele, akajeruhi mtu, akapigwa risasi akafa. Gazeti liliandika simba ametoroka mbuga. Alitoroka nini? Alikuwa anatembea njia ya babu yake, ni sisi tulikuwa tumeijaza.

Na bado hao hao wafugaji ndio wamefanya mengi kuliko mtu yeyote mwenye ofisi. Richard Turere alikuwa mtoto wa hapa hapa ukingoni mwa mbuga, anachunga ng'ombe wa babake, akaona simba haogopi taa iliyosimama lakini anaogopa taa inayotembea, akaunganisha balbu za tochi na betri ya gari kuukuu zikawa zinawaka kwa zamu usiku kucha kama mtu anazunguka boma. Alikuwa na miaka 11 hivi. Leo taa zake ziko mbali, na 2013 alisimama kwa jukwaa la TED, lile la hotuba fupi za kimataifa, akaeleza ulimwengu. Mtoto! Bila tenda, bila mshauri mtaalamu.

Na kulikuwa na ule mpango wa kukodi nyasi ulioanza mwaka wa 2000. Mnaukumbuka ama faili ilipotea? Mwenye ardhi alikuwa analipwa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka, na yeye anakubali asiweke fensi, asichimbe mawe, asikate miti, aache wanyama wapite, huku akiendelea kulisha ng'ombe wake kama kawaida. Pesa zilikuwa zinakuja mara tatu kwa mwaka, shule zikifunguliwa. Hiyo ndiyo akili ninayopenda, aliyepanga hivyo alikuwa amewahi kukaa na mama mwenye watoto wanne. Familia zilijiandikisha kwa mamia. Shida ni kwamba pesa zilikuwa za wafadhili, na mfadhili ni mgeni, huja na siku ya kuondoka. Wakati huo bei ya ploti inapanda kila mwezi, broka yuko mlangoni na pesa taslimu. Ukimwambia mtu achague kati ya ahadi ya dola 4 na mamilioni ya leo, hujamwambia achague, umemuaga.

Ndio maana mkija na lile wazo linalorudi rudi la kumalizia fensi upande wa kusini, ati wanyama wawe salama, tunawaomba mfikirie mara mbili. Mwaka wa 2020 rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga ilipotoka kelele zilikuwa nyingi juu ya fensi na hoteli, na wengine wenu mlikasirika mkasema watu hawajasoma. Tulisoma. Ukifunga kusini umepata zizi kubwa la kilomita 117, kiangazi kikizidi hakuna pa kwenda, mvua ikizidi nyasi zinarefuka hakuna wa kuzipunguza, damu inachanganyikana ile ile mwaka baada ya mwaka, na utahitaji kuleta maji kwa lori na madume kwa kreti. Inawezekana, ndio. Ni bustani ya wanyama tu hiyo, na gharama yake ni ya milele. Mtu akisema fensi ndiyo imebaki kwa sababu kusini kumejaa, basi aseme pia nani alikujaza. Na nani anaendelea kukujaza wiki hii.

Mtaniambia mambo yameshaharibika, acheni sasa. Huo ndio wimbo walioimbiwa watu wa msitu wa Karura pia, hapo Nairobi. Leo kila mtu anapenda Karura, mnakimbia huko Jumamosi na viatu vya bei, lakini miaka ya 90 ule msitu uligawanywa kwa watu binafsi kimya kimya, ukakatwa, magari ya kazi yakaingia. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda mti mmoja pale, mti mmoja jamani, wakapigwa na vijana waliokodiwa, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wakaingia barabarani. Mwaka huo huo, Agosti, Rais Moi alisimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka kumi baadaye majirani wa msitu wakajikusanya na huduma ya misitu, wakaweka fensi, wakaajiri vijana waliokuwa wanakata kuni wawe walinzi, watu wakaanza kuingia bila kuogopa kuibiwa. Na kabla ya hapo, 1989, mama huyo huyo alikuwa ameandika barua tu, barua kama hii, kupinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni. Jumba halikujengwa. Leo nani kati yenu anaweza kusimama aseme tulikosea, tungelijenga?

Nataja Karura si kwa kujigamba, sisi hatuna ukubwa wa yule mama. Nataja kwa sababu ya tofauti moja inayonitia hofu. Karura ilikuwa na mpaka. Ilikuwa msitu wa umma wenye mstari kwenye ramani, mwizi alionekana akivuka mstari. Huku kwetu kusini hakuna mstari. Ni ardhi ya watu halali, wanauza halali, wananunuliwa na watu halali kama mimi, wanapewa vibali halali, na mwisho wa uhalali wote huo ni nyumbu aliyesimama mbele ya ukuta. Hakuna wa kukamata. Hakuna tingatinga moja la kulala mbele yake, kuna matingatinga madogo mia tatu, kila moja na risiti yake.

Kwa hivyo tunachoomba si kikubwa, na si cha kusimamisha kila kitu, msituambie tunapinga maendeleo, mimi nataka lami mpaka mlangoni na maji ya bomba kuliko nyinyi.

Tunataka hesabu moja. Mtu mmoja, ofisi moja, msijali ni gani, iweke ramani moja ya nyanda zote kuanzia mtoni mpaka Athi-Kapiti, na kila kibali kilichotolewa na kaunti, na mamlaka ya mazingira, na barabara, na stima, na machimbo, kiwekwe juu ya hiyo ramani. Kiwekwe pale tuone sote. Sheria ya mazingira baada ya kurekebishwa 2015 inajua tathmini ya mpango mzima, si ya mradi mmoja mmoja tu, kwa hivyo msituambie hakuna njia. Na kuanzia siku ramani itatoka, hakuna ripoti itakayoandika "kipande kidogo" bila kusema ni kidogo juu ya vingapi vilivyokwisha chukuliwa. Pale kwa zile nukta nyekundu zilizobaki, hapo msisaini kitu kwanza. Hapo tu. Mwenye shamba la hapo alipwe vizuri, kutoka bajeti ya nchi, si ya mfadhili, alipwe kwa mkataba unaoandikwa kwenye hati yake ili hata akiuza njia ibaki wazi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 tayari inaruhusu mkataba wa aina hiyo, haihitaji kutungwa. Na fidia ya mbuzi ilipwe kabla mbuzi hajasahaulika.

Vikao viwekwe Jumamosi, karibu na soko, kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kutafsiri Kimaa anayelipwa kama yule aliyeandika ripoti. Muhtasari wa kurasa kumi unatosha. Mkiweza kuandika jumba la ghorofa kwa ramani mnaweza kuandika kurasa kumi.

Jambo la mwisho, na hili ni kwa wale wanaonipigia simu kuniuliza natumwa na nani. Kifungu cha 70 cha katiba kinampa mtu yeyote nafasi ya kwenda kortini kwa ajili ya mazingira bila hata kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Sihitaji kutumwa. Kuna wakili mmoja kijana amekubali kutusaidia, analipwa maziwa kwa sasa. Hatupendi kwenda huko, korti ni pesa na ni miaka, na baada ya ile ya reli hatuna uhakika amri ikitoka itasomwa na nani. Tungependa sana mtuite kabla.

Tuko tayari Jumamosi yoyote isipokuwa ya mwisho wa mwezi, hiyo mama wa maziwa anafunga hesabu. Nyinyi leteni ramani yenu. Sisi tutakuja na kalenda yetu, tumeshanunua peni nyingine.

Wenu,
Mkazi wa kusini mwa mto, mwenye choo juu ya njia ya nyumbu